Kompyuta inarudi mwaka 2013 kila asubuhi, na fundi anataka ninunue madabodi

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Buzuruga, Mwanza. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunawajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo. Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell used, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ni ile ile ya GB 500 iliyokuja nayo. Asubuhi nikiiwasha saa inaonyesha Januari 2013 na kila tovuti inaniambia muunganisho si salama. Siku nyingine haifiki hata kwenye Windows, inaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Fundi amenipigia Windows mara tatu mwaka huu, na kila mara mafaili ya wateja yanapotea. Tena nikiwa natoa kopi nyingi, hasa mitihani ya shule, inazima na kujiwasha yenyewe. Siku hizi imekuwa nzito mno, kufungua Word tu mteja anachoka kusubiri. Wengine wanasema ni virusi. Fundi sasa anasema madabodi imekufa, ninunue nyingine. Mume wangu anasema niiuze tu. Kila jioni nikifunga duka nazima swichi kuu kwa kuogopa moto, labda ndicho kinachoiua? Naomba ushauri kabla sijatoa hela."

Dada yangu, madabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, usinunue kwanza, na Windows isipigwe mara ya nne. Umenisaidia sana kwa kutaja nyakati: asubuhi inafanya hivi, wakati wa kopi inafanya vile, uzito upo kutwa nzima. Tatizo lenye wakati wake lina chanzo chake. Ninavyoyasoma maelezo yako, kuna matatizo matatu yanayokaa ndani ya boksi moja, na hakuna hata moja lililoanzia kwenye Windows. Ndiyo maana kila ukipigiwa mpya unapata nafuu ya wiki chache, kisha unarudi pale pale.

Kuhusu swichi kuu, hujakosea. Endelea kuizima. Haiiui kompyuta, ila inafichua ugonjwa uliokuwemo, na nitakueleza jinsi gani.

Kabla ya yote, mafaili. Leo, kabla hujafunga duka, nakili kila kitu usichotaka kukipoteza ukiweke nje ya kompyuta hiyo: kwenye diski ya nje, kwenye flashi mbili tofauti, au mtandaoni kama bando linaruhusu. Usiridhike na maneno ya "nimekuwekea kwenye D". Kwa kompyuta kama yako, C na D kwa kawaida ni vyumba viwili ndani ya diski ile ile moja. D itapona Windows ikipigwa upya, lakini diski yenyewe ikifa, vyumba vyote vinakwenda pamoja. Nitakapofika kwenye uzito utaona kwa nini nina haraka na hili.

Sasa saa. Juu ya madabodi kuna betri ndogo bapa ya duara, imeandikwa CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Inatoa volti 3, na kazi yake ni kuiendesha saa ya ndani wakati kompyuta haina umeme kabisa, na kwenye mashine nyingi za umri wa yako inatunza pia mipangilio ya msingi ambayo kompyuta huisoma kabla hata ya kuifikia Windows. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani na soketi ina umeme, hata ukiwa umeizima, pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) huendelea kupitisha umeme kidogo unaoilisha saa hiyo. Kwa hiyo betri inaweza kuwa imekufa na usijue, mradi kuna umeme usiku. Wewe unazima swichi kuu, ule umeme kidogo unakatika, betri haina kitu, saa inaanza upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani. Hapo ndipo Januari 2013 inapotokea.

Tovuti zinakukataa kwa sababu hiyo hiyo. Kila tovuti yenye kufuli ina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kinalinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikiamini tuko 2013, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana hakijaanza kutumika, na kivinjari kinafunga mlango. Bando lako ni zima, mtandao ni mzima, na wala si virusi. Tafadhali usizoee kubonyeza "endelea hivyo hivyo", kwa sababu siku utakapokutana na tovuti ya matapeli kweli, onyo litakuwa hilo hilo na mkono utakuwa umeshazoea kulipita, huku ukiandika nywila ya mteja.

Linaloniuma zaidi ni ile skrini ya bluu. INACCESSIBLE BOOT DEVICE maana yake ni kwamba Windows imeanza kuamka, ikageuka kuitafuta diski iliyomo, ikashindwa kuifikia. Diski kuharibika ni sababu mojawapo. Sababu nyingine, ambayo kwa hali yako naipa uzito mkubwa, ni hii: kwenye mipangilio ya msingi kuna kipengele kinachoitwa SATA Operation, kinachoamua kompyuta izungumze na diski kwa njia gani, AHCI au RAID. Windows huzoea njia iliyokuwepo siku ilipopigwa. Betri ikifa na mipangilio ikarudi ya kiwandani, ambayo kwenye Dell nyingi za ofisini ni RAID, Windows iliyopigwa kwa AHCI inaamka na kukuta lugha imebadilika. Inakwama. Fundi anaona bluu, anasema Windows imekufa, anapiga nyingine, na mafaili ya wateja wako yanafutwa yakiwa mazima kabisa.

Kwa hiyo bluu hiyo ikitokea tena, usimwite mtu wa flashi. Zima, washa, gonga F2 mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio. Tafuta SATA Operation. Ipige picha kwa simu ilivyo, kisha ibadilishe: kama ni RAID weka AHCI, kama ni AHCI weka RAID. Hifadhi, toka. Windows ikiamka, umepata jibu na hujapoteza faili hata moja. Isipoamka, rudisha kama picha inavyoonyesha.

Betri unaweza kuibadilisha mwenyewe. Chomoa waya wa umeme kutoka nyuma ya CPU, yaani lile boksi, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa sehemu ya chuma ya boksi ili utoe umeme wa mwilini, kisha sukuma kikufuli kidogo cha pembeni mwa betri, itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wenye maandishi ukitazama juu. Nunua iliyo kwenye pakiti iliyofungwa, kwa sababu zile zinazouzwa moja moja mezani zikigusanagusana hujimaliza kabla hujazitumia. Ukishaiweka, ingia kwa F2, rekebisha tarehe na saa, hakikisha SATA Operation iko kwenye njia ambayo Windows yako inaitambua. Ndani ya Windows, kwenye ukanda wa saa chagua UTC+03:00 Nairobi, ndio wetu ingawa jina letu halipo. Bei ya betri hii ni ndogo kuliko ulichomlipa fundi kwa Windows moja.

Baada ya saa kukaa sawa, nenda kwenye kuzima wakati wa kopi. Nimekutanguliza kwenye saa kwa makusudi, kwa kuwa Windows huandika kila tukio na saa yake, na saa ikiwa ya 2013 kumbukumbu hizo hazikusaidii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, bonyeza Enter. Fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta mistari ya Kernel-Power yenye namba 41 na ulinganishe muda wake na muda uliokuwa unatoa kopi. Fungua Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mara nyingi maana yake Windows haikuanguka yenyewe, ilinyang'anywa umeme ghafla. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu iliyopita haraka hukuiona, na hapo uchunguzi unakwenda kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) na draiva (programu zinazoendesha vifaa).

Mimi natarajia utakuta 0. Fotokopi na printa ya leza zina roli ya moto ndani inayoyeyusha wino wa unga ushike kwenye karatasi. Roli hiyo haipati moto wakati wote, inawashwa na kuzimwa, na kila ikiwashwa inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Mashine ikivuta wati 1,150 kwenye volti 230, hizo ni ampia 5. Ukitoa kopi mbili roli inawaka kidogo. Ukitoa mitihani ya darasa zima inawaka na kuzima bila kupumzika. Sasa kama fotokopi na kompyuta ziko kwenye ekstensheni moja yenye waya mwembamba, kila mkupuo unashusha volti kwa wote waliomo. Pawa saplai ya kompyuta imetengenezwa kuhimili upungufu mfupi sana: kiwango kinachofuatwa ni takriban milisekunde 16 ikiwa na mzigo kamili, wakati umeme wetu wa hezi 50 unachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja. Hiyo ikiwa mpya. Iliyotumika Ulaya miaka kadhaa ofisini, ikaja huku, ikala joto na vumbi letu, inahimili pungufu ya hapo.

Fanya jaribio kabla ya kununua chochote. Peleka waya wa kompyuta kwenye soketi nyingine ya ukutani, si tundu jingine la ekstensheni ile ile, na fotokopi ibaki peke yake kwenye soketi ya ukuta bila ekstensheni. Fanya kazi siku kadhaa, zikiwemo za mitihani. Ikitulia, umemaliza tatizo kwa kuhamisha waya. Ikiendelea kuzima hata fotokopi ikiwa imelala, pawa saplai ndiyo ya kushukiwa, na fundi aje na nyingine nzima aipachike kwa majaribio. Mwambie mapema ni Dell modeli gani, kwa kuwa plagi za ndani za baadhi ya mashine hizi si za kawaida, ya madukani haiingii.

UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, itakusaidia sana, kwa sababu umeme kukatika katikati ya kuandika faili ndiyo njia ya haraka ya kuliharibu. Ya VA 650 inatosha kompyuta moja na skrini yake kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Ila fotokopi au printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Ule mkupuo wa roli utaizidi UPS, itapiga kelele na kuzima kila kitu, kompyuta ikiwemo. Nimeona maduka mengi yakilaumu UPS kuwa feki kumbe imebebeshwa fotokopi. Na stabilaiza si UPS: hurekebisha volti zikipanda na kushuka, umeme ukikatika nayo inazima.

Ukiwa umefungua boksi kwa ajili ya betri, lisafishe. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi kutoka majini na kufuata taa usiku. Wanavutwa na feni, wanakufia kwenye mapezi ya kupoozea prosesa, wanachanganyika na vumbi na kuwa utando unaonata. Tumia brashi laini na blowa, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Usiweke CPU sakafuni. Joto nalo huzima kompyuta, lakini kwa tabia tofauti: inazima baada ya kufanya kazi nzito kwa muda, haijali kama fotokopi imewashwa.

Uzito sasa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie safu ya Disk na ya Memory wakati unafungua Word. Disk ikigonga asilimia 100 na kubaki hapo huku prosesa ikiwa haina kazi, kinachokuchelewesha ni diski. Na hapa yanakutana mambo mawili. GB 4 za RAM ni chache kwa Windows 10 yenye kivinjari wazi, zikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski. Na diski yako ni ya sahani zinazozunguka, yenye kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Miaka imepita, umeme umekatika ghafla mara nyingi, baadhi ya maeneo yamechoka. Ikifika kwenye eneo bovu haikati tamaa, inajaribu kusoma tena na tena, na wewe unaona kompyuta imeganda.

Weka programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Itakuonyesha ripoti ambayo diski hujiandikia yenyewe. Tazama mistari miwili: Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Zote zikiwa sifuri kwenye safu ya Raw Values, diski ina nafuu. Zikiwa na namba, na hasa zikizidi kuongezeka wiki hadi wiki, diski inaondoka. Ukiona hivyo, usikubali mtu aendeshe chkdsk yenye /r (amri ya Windows ya kukagua diski) kabla mafaili hayajatolewa, maana hiyo hupita kila kona ya diski na kuichosha saa nyingi, na diski inayokufa inaweza kumalizikia hapo. Ikianza kulia tik, tik, tik, zima papo hapo na usiiwashe tena.

Hapo ndipo ningependa hela yako iende: SSD, diski ya kisasa ya kielektroniki, ya GB 240 na RAM ifike GB 8. SSD haina sahani wala kichwa, na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kwa kizazi chako cha nne RAM ni DDR3, ukiuziwa DDR4 haitaingia. Windows ikipigwa kwenye SSD hiyo, hiyo ndiyo mara moja ninayoikubali, na diski ya zamani iwekwe pembeni bila kufutwa mpaka uhakikishe kila kitu kimehamia. Na tafuta leseni ya kweli. Vile vifaa vya "kuaktiveti" bure vinaomba uzime kinga kwanza, na duka lako linapita namba za NIDA, vyeti na nywila za watu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nawe ni mtunzaji wa taarifa hizo hata kama duka ni dogo. Kwa sababu hiyo hiyo, diski ya zamani usimwachie fundi kama malipo.

Kuhusu yaliyopotea, fungua C: utafute folda iitwayo Windows.old. Kama fundi alipiga juu kwa juu bila kufomati, ya zamani yanaweza kuwa humo, ndani ya Users. Kama alifomati na umefanya kazi miezi mingi baadaye, sitakudanganya, uwezekano ni mdogo.

Je, uiuze kama anavyosema shemeji? Hoja yake ina ukweli wa upande mmoja. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, ambayo kwa Intel inaanzia kizazi cha nane kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mashine hii itahitaji mrithi. Lakini SSD utakayonunua leo utaihamishia huko, si hela iliyopotea, na hakuna haja ya kununua kwa pupa wakati mitihani inakusubiri.

Kuna mambo usiyaguse, tafuta mtu aje dukani. Pawa saplai usiifungue hata kama umeichomoa, ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme wa hatari. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona plagi imebabuka, au ukigusa chuma cha CPU ukahisi kuwashwa kidogo vidoleni, hilo ni la fundi umeme mwenye leseni: huenda soketi zako hazina ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), na hapo kompyuta ndiyo mwenye shida ndogo kuliko wewe. Na ukiona juu ya madabodi kapasita zimevimba vichwa au zimetoa utando wa kahawia, fundi wako atakuwa na hoja.

Anza hivi: nakili mafaili leo, weka betri kesho, tenganisha soketi siku hiyo hiyo. Jumamosi funga duka na uzime swichi kuu kama kawaida. Jumatatu ukiwasha na saa iko sawa, madabodi inatunza muda vizuri, na ile hoja ya kuibadilisha imepungua nguvu. Betri mpya ikiisha ndani ya wiki chache, basi madabodi inainyonya, na bado nisingekushauri ununue madabodi ya kizazi cha nne: hela hiyo iongezee kwenye used ya kizazi cha nane, na uhamishie humo SSD.